Pesa za Mafuriko Zinatoka Wapi, na Zinamfikia Nani?



Mwezi uliopita mama mmoja wa bloku yetu alinijia shuleni wakati wa mapumziko. Mkononi alikuwa na karatasi ya fotokopi, ameikunja vizuri kama mtu aliyeshika cheti. Akaniambia, "Maalim, nijazie, mimi sijui kuandika." Nikaifungua. Juu imeandikwa kwa herufi kubwa "Ruzuku ya Mafuriko", chini pana nafasi ya jina, idadi ya watoto, namba ya kadi ya mgao na namba ya simu. Basi. Hakuna jina la ofisi, hakuna mhuri, hakuna sahihi. Nikamuuliza ameipata wapi. Akasema kuna mtu anapita nyumba kwa nyumba, anauza shilingi 300, na anasema wenye kujaza mapema watalipwa kabla ya mvua. Mama huyu aliuza mafuta yake ya mgao ili apate zile 300.

Nilipomwambia kuwa karatasi ile si kitu, hakukasirika. Aliniuliza swali moja tu: "Lakini redioni nimesikia kwa masikio yangu, serikali imetoa pesa za mafuriko. Na redio nayo yadanganya?"

Ndugu zangu, redio haikudanganya. Pesa hizo zipo, na zinatolewa na serikali nyingi. Ila haziendi vile yule muuza karatasi anavyosema. Nimeona niandike makala hii ili tujue zinatoka wapi, zinapita wapi, na sisi tulioko Ifo tumesimama wapi.

MAJI TULIYOYAONA

Mimi ni mzaliwa wa Koyama, katika visiwa vya Wabajuni kusini mwa Kismayo. Nililetwa hapa na bibi yangu mwaka 2006, nikiwa na miaka saba, wakati watu wengi walipokimbia Kismayo. Hata hatujajua njia ya kwenda kisimani, Novemba ikaingia na mafuriko. Ifo yote ikawa bahari. Vyoo vilifurika, vibanda vikaanguka, na maelfu ya watu wakalazimika kuhama. Bibi alikaa juu ya mzigo wetu, akasema, "Nimetoka kisiwani sijapata kuingiliwa na mai ndani, nimekuja jangwani nikaogelea."

Wazee waliotutangulia wanakumbuka mwaka 1997. Mto Juba na Shabelle ilivunja kingo, huku Dadaab barabara zikakatika, chakula kikaletwa kwa ndege. Baada ya maji kukaja homa ya Bonde la Ufa, ikaua mifugo na watu katika kaunti hii. Baada ya mafuriko ya 2006 homa ile ilirudi tena. Halafu yakaja ya mwishoni mwa 2023, ambayo kule Somalia yaliua watu zaidi ya 100 na kuwahamisha zaidi ya milioni moja. Na ya Aprili na Mei 2024 sote tunayakumbuka: karibu watu 20,000 wa kambi za Dadaab walihama makazi yao, na kama 4,000 kati yao walilala katika shule sita. Sisi walimu tunajua maana yake. Shule ikiwa hema la wageni, masomo yanasimama, madawati yanakuwa kuni, na vyoo vya shule vinajaa. Mwanafunzi hapewi mtihani mwingine kwa sababu ya mvua.

Angalieni tena miaka hiyo: 1997, 2006, 2019, 2023. Haikuja kwa bahati nasibu. Wataalamu wanasema maji ya Bahari ya Hindi upande wetu yakipata joto kuliko upande wa Indonesia, mawingu hujaa huku kwetu na mvua za vuli, hizo Wasomali wanazoita Deyr, huzidi kiasi. Hali hiyo huonekana baharini wiki nyingi kabla tone la kwanza halijaanguka. Kwa hiyo mafuriko makubwa mara nyingi hutoa taarifa. Lililobaki ni nani anasikiliza, na nani ana uwezo wa kufanya kitu.

PESA ZA BAADA NA PESA ZA KABLA

Sisi wakimbizi tumezoea pesa za baada. Maji yakishaingia, gari linakuja na turubai, blanketi, sufuria na dawa ya maji. Tunashukuru, kwa sababu bila hayo wengine tusingekuwepo. Lakini msaada huo hauzuii maji ya mwaka ujao.

Pesa za kabla ni kitu kingine. Hizo ni za kuchimba mtaro, kuinua barabara, kujenga ukuta wa bahari, kupanda mikoko, kuhamisha watu kutoka bondeni, kuweka vipimo vya mto na kutuma onyo mapema. Marekani walipiga hesabu miaka michache iliyopita wakaona kila dola 1 ya ruzuku ya serikali kuu iliyotumika kabla ya maafa iliokoa kama dola 6 za hasara. Wahenga wetu walisema zamani bila kalamu: usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Na wakati mwingine kuziba ufa si pesa nyingi. Tarehe 26 Desemba 2004, tsunami ilipotoka Indonesia, ilichukua saa kadhaa kufika Afrika. Hafun, kaskazini mashariki ya Somalia, hapakuwa na wa kuwaambia watu. Mji uko chini, umekaa mchangani, na mawimbi yaliufikia kwa nguvu. Somalia ilipoteza karibu watu 300. Pwani ya Kenya maji yalifika na nguvu ndogo zaidi, na pia habari zilitangulia, polisi wakawatoa watu ufukweni. Kenya alikufa mtu mmoja. Bahari ilikuwa hiyo hiyo, siku hiyo hiyo.

SERIKALI ZINAVYOTOA

Kenya. Hapa kwa wenyeji wetu kuna mfuko wa mabadiliko ya hali ya hewa wa kaunti. Ulianzia Isiolo, ukafuata Wajir, Garissa, Kitui na Makueni. Kisha mwaka 2021 serikali ya Kenya, kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 150 na msaada wa Ujerumani na wengine, ilianzisha mpango unaoitwa FLLoCA kwa nchi nzima. Namna yake ni hii: kaunti haipewi pesa mpaka iwe na sheria yake, mfuko wake, itenge sehemu ya bajeti yake yenyewe, na iwe na kamati katika kila wadi. Kamati ya wadi inakaa na wananchi, wanataja hatari zao, wanachagua mradi. Hakuna mtu anayepewa noti mkononi. Kinachotoka ni bwawa, kisima, mtaro au miti.

Zipo pia pesa zinazoenda kwa familia moja kwa moja. Mpango wa HSNP, ulioanzia Turkana, Marsabit, Wajir na Mandera, uliwapa maskini wa kaunti hizo shilingi 2,700 kwa mwezi, zikilipwa kila miezi miwili kupitia benki. Ukame ukizidi, familia nyingine nazo huongezwa. Na Mei 2024 Rais wa Kenya alitangaza shilingi 10,000 kwa kila nyumba iliyoondolewa kando ya mito ya Nairobi. Nadhani hiyo ndiyo habari aliyoisikia yule mama redioni, au mfano wake. Zilikuwa kwa watu wa kando ya mito ile. Hazikuwa za Ifo.

Tanzania. Desemba 2011 Dar es Salaam ilipata mvua ambayo haikuonekana kwa zaidi ya miaka 50, watu zaidi ya 40 wakafa. Serikali iliwapa viwanja wakazi wa bondeni huko Mabwepande, nje ya mji. Jambo zuri, lakini Mabwepande ni mbali na vibarua vyao, na baadhi walirudi bondeni. Funzo hapa ni kuwa kumhamisha mtu bila kuhamisha riziki yake ni kazi nusu. Kuna pia TASAF, ulioanza mwaka 2000. Huo huwalipa maskini ujira wa kazi za umma katika kijiji chao, pamoja na Unguja na Pemba: kuchimba mifereji, kutengeneza njia, kupanda miti. Mtu anapata pesa, na kijiji kinapata kinga.

Mfano ulionigusa zaidi mimi kama mtu wa kisiwani ni Kisiwa Panza, huko Pemba. Maji ya chumvi yalikuwa yanaingia katika mashamba yao. Mradi wa serikali na Umoja wa Mataifa ulifika mpaka kisiwa kile kidogo. Nilipomsomea bibi habari hiyo alinyamaza kwanza, kisha akasema, "Kumbe kisiwa nacho chahesabiwa."

Somalia. Wengi hawajui kuwa kwetu nako kuna mipango. Mwaka 2019 Benki ya Dunia iliidhinisha ruzuku ya mpango wa Baxnaano, ambao ni wa serikali ya shirikisho chini ya Wizara ya Kazi na Mambo ya Jamii. Ulipangwa kuzifikia kaya maskini 200,000, dola 20 kwa mwezi kila kaya. Na mwaka 2020, baada ya mafuriko ya 2019 yaliyoizamisha Beledweyne na baada ya nzige, ziliidhinishwa dola milioni 137.5 za kurekebisha kilichoharibika na kujikinga na kijacho. Ipo pia idara ya maafa ya taifa, SoDMA, na ipo SWALIM ya FAO, iliyopo tangu 2001, inayopima mito ya Juba na Shabelle na kutoa maonyo. Jamaa zenu wa Jamaame na Bu'aale wanaweza kuyapata maonyo hayo.

Marekani. Jamaa zetu waliochukuliwa huko wanasimulia habari za FEMA. Mwaka 1993 mto Mississippi ulifurika, mji mdogo wa Valmeyer, wa watu kama 900, ukazama. Wenyeji walikubaliana kuuhamisha mji mzima mlimani, na serikali ikatoa sehemu kubwa ya gharama. Katika ruzuku nyingi za namna hiyo serikali kuu hutoa robo tatu, robo inatoka kwa jimbo na wenyeji. Lakini msidhani kwa tajiri pesa hazikatiki. Aprili 2025 serikali yao ilitangaza kufuta mpango mmoja mkubwa wa ruzuku za kinga, uliokuwa umeanza mwaka 2020, na miji iliyokuwa imeshapanga miradi yake ikabaki inalalamika, majimbo yakaenda mahakamani.

MAMBO MATATU YANAYOFANANA

Nimezilinganisha nchi hizi nne kama vile nawafundisha watoto kulinganisha sehemu za hesabu. Nimekuta mambo matatu yako karibu kila mahali.

La kwanza, ruzuku ya kinga huenda kwa kijiji, wadi au mji, si kwa mtu mmoja. Zile zinazoenda kwa familia, familia huchaguliwa kwa orodha inayosomwa hadharani na wazee wakiwepo, na fomu haiuzwi. Ukiona fomu inauzwa, hiyo ni biashara ya mtu.

La pili, mtoaji huuliza: hatari yenu ni ipi, inapita wapi, inaumiza nani? Asiye na jibu lililoandikwa hukaa mwisho wa foleni.

La tatu, mtoaji huuliza: na ninyi mmetoa nini? Si lazima pesa. Inaweza kuwa kazi, ardhi, au ulinzi wa mradi baada ya kumalizika.

SISI JE?

Sasa tuseme ukweli bila kuuficha. Mkimbizi hayumo katika HSNP, wala hawezi kwenda TASAF. Na aliyeko Ifo hawezi kulipwa Baxnaano, kwa sababu mpango ule ni wa kaya zilizoko Somalia. Kwa hiyo kama unangojea jina lako liitwe kwa ruzuku ya mafuriko, unangojea meli katika kisima.

Lakini mlango haukufungwa wote. Sheria ya Wakimbizi ya Kenya ya mwaka 2021, na Mpango wa Shirika uliozinduliwa Machi 2025, vinalenga kambi hizi ziache kuwa kambi tu, ziwe makazi ya mji yanayohudumiwa pamoja na wenyeji chini ya kaunti. Hayo yatachukua muda na wengine wana mashaka nayo, wana haki. Ila yakiwa, maana yake ni kwamba mitaro ya Ifo itakuwa katika hesabu moja na mitaro ya mji wa Dadaab. Siku hiyo mtu atakuja na kuuliza lile swali la pili: hatari yenu inapita wapi? Je, bloku yako ina jibu?

Na wanaofikiria kurudi Koyama, Chula, Chovai au Ngumi, nao wajiulize hivyo hivyo. Bibi yangu anasema nyumba yetu ilikuwa upande ulioinuka, kisima kilizungushiwa mawe ili maji ya juu yasiingie, na mikoko ilikuwa haikatwi ovyo upande wa upepo, japokuwa watu waliishi kwa kuuza boriti. "Mkoko ni ukuta usiolipiwa fundi," ndivyo asemavyo. Hayo hayakuandikwa popote, yako kichwani mwake, na yeye sasa ni mtu mzima sana. Nimeanza kuyaandika katika daftari la shule. Siku Koyama itakapopata mtu wa kuiuliza hatari yake ni ipi, sitaki jibu liwe limezikwa hapa Ifo.

TULIVYOFANYA KATIKA BLOKU YETU

Baada ya ile habari ya karatasi, mwenyekiti wa bloku aliita mkutano chini ya mti. Maneno yalikuwa makali. Waliotoa 300 walitaka yule mtu atafutwe. Wengine walisema kuchimba mtaro ni kazi ya mashirika, sisi tuna njaa, mgao umepunguzwa, nguvu tutatoa wapi. Siwezi kusema walikosea. Mtu mwenye njaa ukimpa beleshi anakutazama tu.

Akasimama baba mmoja, Mmadhigani, mtu asiyesema sana. Akasema, "Mwaka 2024 mwanangu alitumbukia katika choo kilichofurika nyuma ya nyumba yangu. Alitolewa mzima, Alhamdulillahi. Maji yale yalitoka mahali ninapopajua. Kesho mimi naanza kuchimba, anayetaka aje."

Siku ya kwanza walikuja watu watano. Siku ya pili kumi na wawili, akina mama wakiwa wengi kuliko wanaume. Wanafunzi wangu wa darasa la saba walichora ramani: njia ya maji, vyoo, nyumba za wazee, nyumba ya mama asiyeona. Tukatia alama ya rangi ukutani pale maji yalipofika 2024. Ramani hiyo tumeitoa nakala tatu, moja kwa mwenyekiti, moja shuleni, moja kwa ofisi inayohusika na makazi. Ofisi haijatujibu bado, lakini wakija hawatasema hawakuambiwa.

KABLA MVUA HAIJAANZA

Kwa kila familia, nawaomba mambo haya machache:

1. Kadi ya mgao, vyeti vya kuzaliwa vya watoto na vyeti vya shule vifungwe katika mfuko wa plastiki, uning'inizwe juu. Karatasi ikilowa, kuipata nyingine ni miezi.

2. Usimpe namba ya kadi yako mtu usiyemjua, hata akiwa na fomu nzuri namna gani. Muulize anatoka ofisi gani, kisha mwende naye kwa mwenyekiti.

3. Toa taka katika mtaro ulio mbele ya nyumba yako. Mfuko mmoja wa plastiki unatosha kurudisha maji ndani.

4. Kubalianeni sasa hivi nani atambeba mzee, nani atamshika mtoto mdogo, na mtakimbilia wapi. Usiku wa mvua hakuna mkutano.

5. Watoto wasicheze katika maji yaliyosimama. Kipindupindu kilichoingia kambini mwishoni mwa 2022 mnakikumbuka. Maji ya kunywa yatiwe dawa au yachemshwe.

6. Mifugo ikianza kutupa mimba au kufa baada ya mafuriko, usiichinje wala usiile. Toa habari kwa wahudumu wa afya.

Yule mama wa karatasi sasa ni mmoja wa wanaokuja kuchimba. Shilingi zake 300 hazikurudi. Bloku nzima ilipohesabu waliotoa, tukaona tungeweza kununua mabeleshi ya kutosha kila mtu aliyekuja siku ya kwanza. Badala yake tunaazimana matatu.

Mtaro wetu umepita nyumba ya mama asiyeona, lakini haujafika barabara kuu, na maji yasipofika barabarani yatarudi kwetu. Ijumaa baada ya sala tunaendelea. Mwenye beleshi aje nalo, asiye nalo aje na dumu la maji ya kunywa, na wenye bloku za jirani mnakaribishwa muone tulivyochora ramani ili mkachore yenu.